Maneno Mawili Yanayotuponza: "Used To"

Juma lililopita kijana mmoja wa Muheza aliingia katika chumba chetu cha gazeti, bahasha mkononi. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" na kuulizana hali, akatueleza haja yake. Amemaliza kidato cha nne. Ameandika barua ya kuomba kazi kwa lugha ya Kiingereza. Ameipeleka mahali patatu hapa Tanga mjini, wala hakuna aliyemwita. Sasa alikusudia kuipeleka mahali pa nne. Mama yake, ambaye huuza machungwa kando ya barabara, alimshauri aionyeshe kwanza kwa mapadre, kwa kuwa, kama alivyosema, mapadre wamekaa shuleni hata wakaota mvi. Sisi mvi hatujaota bado, lakini heshima hiyo tuliipokea, tukaifungua bahasha.

Barua ilikuwa safi. Mwandiko wasomeka, anwani imekaa mahali pake, tarehe ipo, na salamu za mwisho ni zile zinazotakiwa. Lakini katika ukurasa mmoja tu tulikuta maneno mawili ya Kiingereza, "used to", mara saba, kwa sura hii au ile. Mara sita yalikuwa yamekosewa. Mara moja yalikuwa sawa.

Kwa ruhusa yake mwenyewe, aliyotupa kwa moyo mweupe, twaandika hapa sehemu ya barua hiyo: "I used to wake up early. I used to obey my elders. I used to go to Mass every Sunday. I used not to drink alcohol."

Tulimwuliza alitaka kusema nini. Akajibu bila kusita: "Mimi huamka mapema, Padre. Huwatii wakubwa wangu. Huenda Misa kila Jumapili. Pombe sinywi." Nasi twasadiki kwamba yote manne ni kweli, maana twaifahamu parokia yake na mlezi wake ametuhakikishia. Lakini mtu ajuaye Kiingereza akiisoma barua ile, asomayo ni haya: "Zamani nilikuwa nikiamka mapema, siku hizi siamki. Zamani nilikuwa nikiwatii wakubwa, sasa siwatii tena. Zamani nilikuwa nikienda Misa kila Jumapili, nimeacha. Zamani nilikuwa sinywi pombe." Hilo la mwisho halina haja ya kumaliziwa; msomaji analimaliza mwenyewe. Basi kijana mwema amekaa mezani usiku, taa mbele yake, akajichongea mwenyewe kwa wino wake, tena kwa mwandiko mzuri.

Hatusemi kwamba alikosa kazi mahali patatu kwa sababu ya maneno hayo. Kazi ni chache na waombaji ni wengi, na pengine barua zake hazikusomwa kabisa. Lakini kama zilisomwa, zilisema uongo juu yake, na hakuwapo wa kumtetea.

Wala asimcheke mtu. Sisi tunaoandika haya tulifanya kosa lilo hilo tulipokuwa katika seminari kuu. Bibi mmoja mzee wa Ireland alikuwa akitusaidia fedha za vitabu. Ilipofika Noeli tukamwandikia barua ya shukrani, na katika barua hiyo tukaweka sentensi tuliyoiona kuwa ndiyo tamu kuliko zote: "I used to pray for you every day." Jibu lake lilifika wakati wa Kwaresima. Alitushukuru, akatueleza habari za baridi ya kwao na za paka wake, kisha mwishoni akauliza kwa upole kama amefanya jambo lolote la kutuudhi, hata tukaacha kumwombea. Tuliisoma barua mara mbili tusielewe. Tukaipeleka kwa mwalimu wetu wa Kiingereza, padre mzee, naye akacheka mpaka akavua miwani yake kufuta machozi. Kisha akatufundisha somo ambalo leo twataka kuwapa wasomaji wetu. Yeye alilifundisha kwa dakika kumi. Sisi tutachukua muda zaidi kidogo, maana tangu siku hiyo tumesoma barua nyingi za vijana, na kosa hili limo katika nyingi mno.

Kosa latoka wapi? Twaona latoka katika uzuri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina silabi moja ndogo, "hu", ambayo yatosha kuonyesha jambo la kila siku, la desturi, lisilo na mwanzo wala mwisho unaotajwa. Jua huchomoza mashariki. Wavuvi wa Kigombe hutazama mwezi. Mama huamka alfajiri. Haihitaji hata kiambishi cha mtu: mimi huamka, wewe huamka, wao huamka, yote ni mamoja. Ni kweli kwamba ina kaugumu kake, kwa kuwa "huenda" ni neno la desturi na pia ni neno la mashaka, na mtu asemaye "huenda Misa" yampasa aseme kwa sauti iliyo wazi. Lakini kwa jumla ni chombo chepesi sana.

Sasa mtoto wetu anapoanza kuandika Kiingereza, aitafuta "hu" yake asiione. Hapana silabi kama hiyo katika kitenzi cha Kiingereza. Lakini mwalimu amemfundisha, au ameona katika kitabu, kwamba "used to" ni maneno ya desturi. Basi aifurahia, maana aona amepata alichokitafuta, naye kila penye "hu" aweka "used to". Hajui kwamba maneno hayo mawili ni ya desturi iliyokwisha. Mwingereza akiyasikia, mara moja afahamu kwamba jambo lilikuwako zamani na sasa halipo, isipokuwa aambiwe vinginevyo.

Basi, "hu" yetu waiandikeje kwa Kiingereza? Jibu ni jepesi hata watu hawaliamini: kitenzi kitupu cha wakati wa sasa. "I wake up early." "I obey my elders." "I go to Mass every Sunday." "I do not drink alcohol." Kwisha. Mtu akitaka kutia nguvu aweza kuongeza "usually" au "always" au "every day", lakini si lazima. Vijana wengi huona sentensi za namna hiyo kuwa fupi mno, kama kwamba mtu mwenye elimu hawezi kusema maneno machache. Ni kinyume. Jua huchomoza mashariki ni "The sun rises in the east." Ukiandika "The sun used to rise in the east", umetangaza habari ambayo magazeti yote ya dunia yangeitoa kesho asubuhi.

Tuyaangalie sasa yale yanayostahili "used to" hasa. Hapa twaweza kuchukua mifano ya pwani yetu, maana pwani hii imejaa mambo yaliyokuwa na sasa hayapo. Bagamoyo ulikuwa mji mkuu wa utawala wa Wajerumani hata mwaka 1891, makao yalipohamishiwa Dar es Salaam. Basi ni sawa kabisa kuandika: "Bagamoyo used to be the capital." Ilikuwa, sasa siyo. Miaka ya kwanza ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa katani zaidi ya tani 200,000 kila mwaka, nyingi yazo kutoka mashamba ya Tanga. Leo kiasi hicho kimepungua sana. Basi: "Tanganyika used to produce more than two hundred thousand tons of sisal a year." Sawa. Tena lilikuwako gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likitolewa hapa Tanga katika shule ya serikali ya Wajerumani, likakoma mwaka 1916 wakati wa vita. Si lile Kiongozi la Kikatoliki lililoanzishwa Tabora mwaka 1950, ingawa wengi huyachanganya. "A newspaper called Kiongozi used to come out at Tanga." Nayo ni sawa.

Mfano mmoja zaidi, kwa kuwa twaupenda. Wavuvi wetu wamjua samaki aitwaye silikanti, mkubwa, mwenye magamba mazito na mapezi yanayofanana na miguu. Wataalamu wa dunia walikuwa wakidhani kwamba samaki huyo ametoweka tangu mamilioni ya miaka, kwa maana walikuwa wameona mifupa yake katika mawe tu. Hata mwaka 1938 akavuliwa mmoja katika bahari ya Afrika Kusini, yu mzima wa nyama na damu. Hapa kwetu Tanga wamevuliwa wengi, na mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mwandishi wa Kiingereza aandika: "People used to think that this fish was extinct." Angalia maneno "used to" yafanyavyo kazi hapo. Hayasemi tu kwamba watu walidhani. Yasema pia kwamba dhana hiyo imekwisha, na msomaji atazamia kusikia ni nini kilichoimaliza.

Baada ya hayo kuna jambo ambalo hata waalimu hulisahau. "Used to" ni ya jambo lililorudiwarudiwa au hali iliyodumu, bila kuhesabiwa wala kupimwa. Ukishataja idadi ya mara au urefu wa muda, iache. Kijana wetu aliandika: "I used to work in a shop at Muheza for two years." Hapa maana yake ya zamani ni ya kweli, maana duka hilo ameliacha, lakini ametia miaka miwili ndani, na Kiingereza chakataa. Yafaa aandike "I worked in a shop at Muheza for two years", au aseme "I used to work in a shop at Muheza" na kuinyamazia miaka. Kwa barua ya kazi ni heri aitaje miaka, kwa kuwa ndiyo itakiwayo na mwenye kazi.

Hivyo hivyo kwa Shaaban Robert, mshairi wetu, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliyeingia ukarani wa serikali mwaka 1926 na kufariki mwaka 1962. "Shaaban Robert used to work for the Government" ni sentensi nzuri. "Shaaban Robert used to work for the Government for many years" si nzuri, sema "worked". Na jambo lililotukia mara moja tu halina "used to" kamwe. Dr. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika pwani hii mwaka 1893. Ilikuwa miche elfu moja iliyotoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu. Katika hiyo sitini na miwili ndimo yalimotoka mashamba yote tunayoyaona toka Pangani hata Korogwe. "Hindorf brought sisal to our coast in 1893." Mtoto akiandika "used to bring", amemfanya bwana yule mchuuzi wa kila juma.

Msomaji mmoja aliwahi kutuuliza juu ya wazazi. Baba yake alikuwa mvuvi wa Sahare. Aandike "My father used to fish"? Tulimjibu kwa swali: baba yu hai? Kama amefariki, andika bila hofu. Kila mtu atafahamu kwamba kilichokomesha uvuvi ni mauti. Kama yu hai lakini amezeeka na mtumbwi ameuacha, andika vile vile. Lakini kama asubuhi ya leo amekwenda baharini, usiandike, maana atakayesoma atakupa pole. Mtoto mwenye kuandika juu ya baba aliye hai maneno "my father used to love us" ameandika jambo zito kuliko anavyojua. Tumeiona sentensi hiyo katika daftari la shule. Baba mwenyewe ndiye aliyetuletea, naye hajui Kiingereza. Alitaka tu tuone jinsi mwanawe anavyoendelea vizuri. Tulimsifu mtoto, kisha tukamwita kando.

Katika kukana na kuuliza kuna ugumu mdogo wa tahajia. Kiingereza cha sasa chasema "I did not use to drink" na "Did you use to live at Pangani?", pasipo ile "d" ya mwisho, kwa sababu "did" imekwisha kubeba wakati uliopita, wala mzigo mmoja hauhitaji wapagazi wawili. Kijana wetu aliandika "I used not to drink", nayo ni sarufi halali ya vitabu vya zamani. Kwa hiyo sentensi yake ile juu ya pombe haikuwa na kosa la sarufi hata kidogo. Ndiyo iliyomsingizia kuliko zote.

Tahajia yenyewe hupotoshwa na masikio. Mwingereza atamkapo "used to" ya desturi, "d" na "t" hushikana zikawa sauti moja, na "s" husikika kama ile ya "sisi". Mtoto asikia "yustu", aandika "use to". Lakini neno lilo hilo likiwa na maana ya kutumia, "s" yake hutamkwa kama "z" ya "zizi". Tofauti hiyo ya sauti ni msaada mkubwa kwa mwenye kusikiliza, na kwa bahati mbaya si msaada kwa mwenye kusoma, kwa sababu katika karatasi zote mbili hufanana.

Na hapo twafika penye tatizo la pili, maana "used to" hazina ukoo mmoja. Ile tuliyokwisha kuieleza husimama peke yake. Lakini ikitanguliwa na "am", "is", "are" au "was", maana yake hugeuka kabisa. Watu wa pwani tuchukue samaki tufundishane.

"I used to fish." Nilikuwa nikivua, sasa nimeacha.

"I am used to fishing." Nimezoea kuvua, kazi hiyo hainichoshi.

"I am used to fish." Nimezoea samaki. Ni kitoweo changu, hata ukinipa kila siku sitalalamika.

"This net is used to catch fish." Wavu huu hutumiwa kukamata samaki.

Sentensi nne, maneno yaliyo karibu sawasawa, na kila moja yasema jambo lake. Ya kwanza ni mvuvi mstaafu, ya pili ni mvuvi hodari, ya tatu ni mlaji, na ya nne wala si mtu.

Sentensi ya pili na ya tatu ndizo za kuzoea hasa, na mkosaji mkubwa ndani yake ni lile neno dogo "to". Mtoto amefundishwa tangu mwanzo kwamba "to" ni "ku" yetu: "to go" ni kwenda, "to work" ni kufanya kazi. Ni kweli, lakini si kila mahali. Hapa "to" si "ku". Hapa ni neno la kuunganisha tu, na baada yake lazima lije jina, au kitenzi kilichovaa "-ing" kikawa kama jina. Tumia kipimo hiki: weka jina la kitu mahali pale uone kama lakaa. "I am used to noise", nimezoea kelele. Lakaa. Basi na kitenzi kivae "-ing": "I am used to working hard." Kijana wetu alikuwa ameandika "I am use to work hard", na humo mlikuwa na makosa mawili: "d" iliyoangushwa na "-ing" iliyosahauliwa. Tulipomsahihisha alisema kwamba siku zote alikuwa akidhani "to working" ni kosa. Hatukumlaumu. Mwalimu wake alimwambia "baada ya to, kitenzi kitupu", na kanuni hiyo ni nzuri kwa siku mia isipokuwa chache.

Kama mtu hajazoea bado lakini yumo njiani, asema "getting used to". Mtu wa Lushoto akishuka Tanga mwezi wa Februari atakwambia "I am getting used to the heat", huku akijipepea na gazeti hili.

Juu ya ile ya nne, ya kutumia, hatuna maneno mengi. Katika mashamba ya mkonge iko mashine ya kuparua majani, ambayo wenyeji huiita korona. "This machine is used to strip sisal leaves." Ni kifaa na kazi yake, basi. Ukiandika "This machine is used to stripping sisal leaves", umesema kwamba korona imezoea kazi yake na hainung'uniki, jambo ambalo wafanyakazi wanaoisikia ikinguruma hawatalikubali.

Huenda mtu atauliza kwa nini Waingereza wakachanganya kutumia na kuzoea katika neno moja. Si ukaidi wao. Neno "use" lilipoingia katika lugha yao kutoka Kifaransa, nacho kilipata kwa Kilatini, lilibeba maana zote mbili, matumizi na desturi. Katika siku za Shakespeare wao wenyewe waliweza kusema "I use to go" kwa jambo la desturi ya sasa, kama vile kijana wetu alivyotaka. Kisha wakati wa sasa ukafa, ukabaki wakati uliopita peke yake. Hivyo kijana wetu hakukosea sana. Alichelewa miaka mia nne tu. Tulipomwambia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Sasa twasema na wazazi, hasa wale ambao hawakubahatika kujifunza Kiingereza. Watoto wenu wakiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote kwa lugha hiyo, nanyi hujiona kama mmeachwa nje ya mlango. Kwa jambo hili hamko nje. Mtoto akileta insha au barua, mwambieni awasomee kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na kila afikapo penye "used to" peke yake mwulizeni: "Jambo hilo limekwisha, au lingaliko?" Akijibu limekwisha, aendelee. Akijibu lingaliko, alifute, aandike kitenzi cha sasa. Mwulizeni tena: "Umetaja ni mara ngapi, au muda gani?" Akisema ndiyo, alifute vile vile. Mama anayeuza machungwa Muheza aweza kuuliza maswali hayo mawili sawasawa na padre, pengine kwa ukali zaidi, na Kiingereza cha mwanawe kitapona.

Tulikaa na kijana yule karibu saa nzima. Akaiandika barua upya pale pale mezani petu, sasa ikawa fupi kuliko ya kwanza: "I wake up early. I obey my elders. I go to Mass every Sunday. I do not drink alcohol. I am used to working hard. I worked in a shop at Muheza for two years." Kisha akafika penye ile sentensi ya saba, akainua kalamu aifute nayo, kwa kuwa sasa aliogopa kila "used to" kama mtu aliyeumwa na nyoka. Sentensi hiyo ilisema: "I used to live with my grandmother at Pangani."

Tulimwuliza bibi yake yuko wapi. Akasema amefariki mwaka jana, na nyumba imeuzwa, ndiyo maana amerudi kwa mama yake. Tukamwambia aiache kama ilivyo.